Kasi ya Intaneti Inapobanwa, Mkazi Ana Haki Kuelezwa

(Nakala ya mazungumzo na wakazi wa Katito, Nyakach, kuhusu huduma za intaneti)

 

Mazungumzo ya leo yanahusu lalamiko ambalo husikika kila panapotajwa intaneti: mtu amelipia kasi ya kumi, lakini anapata moja. Wengine husema kampuni ni wezi. Wengine husema ni mvua, au stima, au ruta imezeeka. Mara nyingine ni kweli ni mvua. Mara nyingine, hata hivyo, laini imebanwa makusudi kwa sababu ya kile mteja anachokifanya nayo, naye hajaambiwa lolote.

Mchukueni mwenye saiba wa kawaida, wa aina inayopatikana katika soko lolote la Nyakach. Mchana anawajazia watu fomu za KRA, anatoa nakala za eCitizen, anawasaidia wanafunzi kuomba mkopo wa HELB na nafasi za KUCCPS. Usiku anapofunga mlango anaiacha kompyuta moja ikipakua. Inapakua programu, masomo ya video, na tusifichane, filamu pia, kwa sababu asubuhi watu watakuja na fleshi. Mwezi unapofika katikati, laini inalegea. Siku ya mwisho ya kutuma maombi anaingia msichana aliyetoka Nyabondo na vyeti vyake kwenye bahasha. Ukurasa unazunguka, unazunguka, hadi muda unakwisha. Mwenye saiba anapiga simu kwa kampuni na kuambiwa azime ruta, ahesabu hadi kumi, aiwashe tena.

Msichana huyo hakupakua filamu yoyote. Ndiyo maana suala hili si la vijana wanaopenda sinema peke yao.

Ili kuelewa kinachotokea, tuanze na barabara. Kila anayeijua Katito anayajua makutano yake. Magari yanatoka Ahero. Baadhi yanaendelea Sondu na Kisii, mengine yanakata kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Siku ya kawaida yote yanapita. Siku ya soko, malori ya mchanga yakikutana na matatu na mikokoteni, kila mtu anatambaa. Intaneti ni vivyo hivyo. Kampuni haimjengei kila mteja njia yake peke yake hadi Mombasa. Inauza barabara moja kwa wateja wengi ikitarajia kwamba hawatatoka wote kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo hufaulu mchana. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, watu wakiwa nyumbani wakitazama video, huanza kuyumba.

Sasa katika barabara hiyo kuna aina ya safari inayoitwa kushirikiana faili. Kwa kawaida mtu akipakua kitu, kinatoka kwenye kompyuta moja kubwa ya mwenye tovuti. Katika kushirikiana faili hakuna kompyuta kubwa. Faili hukatwa vipande vidogo, na kila mwenye kipande humpa asiye nacho. Ni harambee: huku unapokea, huku unatoa. Programu iliyoeneza mtindo huu ni BitTorrent, iliyobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Uzuri wake ni kwamba faili ikipendwa na watu wengi, inapatikana kwa haraka zaidi. Ubaya wake kwa kampuni ni kwamba kompyuta moja hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, hupakia muda wote huku ikipakua, na haichoki usiku wala mchana.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kushirikiana faili si jina lingine la wizi wa filamu. Mifumo ya kompyuta inayotolewa bure, kama Ubuntu, hugawiwa kwa njia hiyo kihalali. Hata Windows 10, tangu ilipotoka mwaka 2015, ina uwezo wa kupokea visasisho kutoka kwa kompyuta nyingine na kuzipa nyingine pia. Mwenye kompyuta anaweza kuwa anashirikiana faili bila kujua, na bando lake linaisha akidhani ameibiwa. Mwenye saiba afungue mipangilio ya kompyuta zake, sehemu ya visasisho vya Windows, atafute Delivery Optimization, aangalie kama imeruhusiwa kuzitumia kompyuta za nje kwenye intaneti. Asipoitaka, aizime.

Kisa kilichoifanya dunia ianze kulizungumza jambo hili kilitokea Marekani, na kinafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu kampuni za kila nchi zilijifunza kutoka kwake. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa mitandao katika jimbo la Oregon, Robb Topolski, alikuwa mpenzi wa nyimbo za zamani za kuimba kwa sauti nne bila ala. Alikuwa na rekodi zilizozeeka kiasi kwamba hazikuwa na mwenyewe tena kisheria, akataka kuzigawa kwa wapenzi wenzake. Kila alipojaribu kupakia, muunganisho ulikatika. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima mitandao, hakuzima ruta na kuiwasha. Alikaa akachunguza. Akagundua kwamba kampuni yake ya intaneti, Comcast, ndiyo iliyokuwa ikikata.

Ilivyokata ndiko kulikowaudhi watu. Fikirini watu wawili wanazungumza kwa simu, mmoja Katito na mwingine Kisumu. Katikati anaingia mtu wa tatu anayeiga sauti ya kila mmoja na kumwambia mwenzake, "Haya, kwaheri." Wote wawili wanakata, kila mmoja akidhani ni mwenzake aliyeaga. Comcast ilikuwa ikituma ujumbe wa aina hiyo kwa kompyuta zote mbili. Ilipoulizwa, mwanzoni ilikana kwamba inazuia chochote. Oktoba 2007 shirika la habari la Associated Press lilifanya majaribio yake kwa kushirikiana faili ya Biblia ya King James, kitabu ambacho hakuna anayeweza kusema kimeibwa. Hicho nacho kikakatwa.

Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba Comcast ilikosea. Comcast ilikwenda mahakamani, na Aprili 2010 mahakama ya rufaa ilisema tume haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kutoa amri ile. Kwa hiyo kisheria Comcast ilishinda. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuacha mtindo wake, na mwishoni mwa mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi ya wateja. Mteja mmoja angeweza kupata hadi dola 16, pesa ambayo haimtajirishi mtu.

Lenye maana zaidi ni kile Comcast ilichoweka badala yake. Iliacha kuangalia mteja anafanya nini, ikaanza kuangalia anatumia kiasi gani wakati barabara imejaa. Aliyetumia kupita kiasi katika dakika za msongamano alipunguziwa kwa muda, awe anashirikiana faili, anatazama video au anapakua kazi ya ofisi. Ilionekana basi kwamba njia ya haki ilikuwepo tangu mwanzo. Watengenezaji wa BitTorrent nao walifanya yao: waliongeza mbinu inayoifanya programu ijipunguze yenyewe inapohisi msongamano, kama lori linalosogea kando kuipisha ambulensi.

Tofauti hiyo ndiyo mkazi wa Nyakach anayopaswa kuishika. Kuna mizani na kuna kizuizi cha barabarani. Mizani hupima uzito: lori la mchanga, la mpunga au la saruji, likizidi linazuiwa, na kiwango kimeandikwa mahali kila dereva anakiona. Kizuizi cha barabarani ni mtu anayechungulia ndani ya gari, akaamua kwamba mzigo huu haumpendezi. Mizani inaweza kuwa kali, lakini dereva anajua. Kizuizi kinabadilika kulingana na aliyesimama hapo.

Hapa Kenya, kilicho wazi zaidi ni mizani. Mwaka 2020 Safaricom iliwatangazia wateja wa Home Fibre kwamba vifurushi vyao vingewekewa kikomo cha matumizi ya mwezi, na atakayekivuka kasi yake ipunguzwe hadi mwezi mpya. Kampuni nyingine pia zina masharti ya aina hiyo, chini ya jina la matumizi ya haki. Si jambo la kushangaza: laini moja ya nyumbani ikigawiwa majirani wa ploti nzima, majirani wengine kwenye mtaa huo huumia. Tatizo ni kwamba neno "bila kikomo" huandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango, na kikomo chenyewe hukaa ndani ya masharti ambayo mtu hubonyeza "nakubali" bila kuyasoma.

Hesabu kidogo haidhuru. Kasi hupimwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua gigabaiti moja kwa dakika 13 na kidogo, si kwa dakika moja na nusu kama wengi wanavyodhani. Laini hiyo ikibanwa hadi megabiti 1, gigabaiti ileile itachukua saa mbili na dakika 13. Na kama kikomo ni gigabaiti 500 kwa mwezi, laini ya megabiti 10 ikiachwa ipakue bila kupumzika itakifikia kabla siku tano hazijatimia. Mwenye saiba anayeacha kompyuta ikikesha kila usiku anaweza kujipigia hesabu yake hapo alipo.

Lakini si kila mlegeo ni wa kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikalegea kwa siku kadhaa. Hapo hata aliyelipia kifurushi kikubwa hakuwa na la kufanya. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ililegea tena nchini. Kampuni za simu zilisema ni kebo za baharini; wananchi wengi hawakuamini. Na Novemba 2023 na Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram, ambayo watu wengi huitumia kutumiana faili kubwa, ilikuwa vigumu kufunguka nchini. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeziagiza kampuni ziifunge katika kipindi hicho ili kuzuia wizi wa mtihani. Sababu inaeleweka kwa mzazi yeyote. Lakini mfanyabiashara anayepokea oda zake kwa Telegram hakuwa mtahiniwa. Jambo hilo lilifikishwa kortini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia intaneti isikatwe wala kuvurugwa hadi kesi isikilizwe.

Matukio hayo yote yanaonekana sawa kwa mtu aliyeketi mbele ya skrini: kiduara kinazunguka. Kebo, kikomo, msongamano, amri ya serikali, au kampuni inayobagua aina fulani ya matumizi, vyote vina sura hiyo moja. Asipoelezwa, mteja hawezi kutofautisha, na uvumi ndio unaobaki kuwa maelezo yake.

Kenya haina sheria maalumu inayosema kampuni isibague aina za matumizi ya intaneti, kama zile ambazo Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2015. Hilo ni pengo, na ni vyema lisemwe wazi. Hata hivyo mkazi hayuko mikono mitupu. Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya taarifa zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Kanuni za Kulinda Watumiaji za mwaka 2010, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, zinasema mteja apewe maelezo yaliyo wazi na kamili kuhusu bei na masharti, na alindwe dhidi ya matangazo ya kupotosha. Zinasema pia kwamba wateja wa eneo moja wapewe nafasi sawa ya kupata huduma ya aina moja na ubora mmoja kwa takribani bei moja, kadiri teknolojia inavyoruhusu. Na kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, jambo ambalo kampuni inapaswa kulifikiria kabla ya kuchungulia mzigo wa mteja.

Kuhusu filamu, ukweli usemwe. Kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na hakuna afisa wa kaunti atakayesimama kuwatetea wanaofanya biashara hiyo. Wasanii wa benga wa Nyanza wamepoteza vya kutosha kwa njia hiyo. Lakini anayeamua kosa ni korti. Kampuni ya intaneti haikuchaguliwa kuwa hakimu, na kulegeza laini ya saiba nzima kimyakimya kunamwadhibu msichana wa Nyabondo kwa faili asiyoijua.

Mkazi anayeshuku laini yake imebanwa aanze kwa kupima, kwa maana malalamiko bila vipimo hayafiki mbali. Apime asubuhi mapema, mchana na usiku, kwa siku kadhaa, kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya na vifaa vingine vimezimwa. Aandike tarehe, saa na kasi, kisha apige picha ya skrini. Kasi ikiwa nzuri alfajiri na mbaya saa mbili usiku, huo ni msongamano. Ikiwa mbaya saa zote tangu tarehe fulani, basi huenda amevuka kikomo. Na ikiwa vipimo vinaonyesha kasi nzuri lakini aina moja tu ya kazi ndiyo inayokwama, hapo pana sababu ya kuuliza kwa nguvu. Ipo programu ya simu iitwayo Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Northeastern University huko Boston, ambayo hulinganisha jinsi kampuni inavyopitisha programu mbalimbali.

Baada ya hapo aiandikie kampuni, asipige simu tu, na aombe namba ya lalamiko. Aulize mambo matatu: kikomo cha kifurushi chake ni kiasi gani, ametumia kiasi gani hadi leo, na je, kuna aina ya matumizi inayopunguziwa kasi? Swali la tatu ndilo lisiloulizwa na wengi. Kampuni isipojibu, au ikijibu kwa kuzungukazunguka, lalamiko na vipimo vyake vipelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ina ofisi ya kanda mjini Kisumu. Serikali ya kaunti haina uwezo wa kuiamuru kampuni ya intaneti. Mawasiliano ni kazi ya serikali ya kitaifa chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Anayewaahidi wakazi kwamba kaunti itawaongezea kasi anawadanganya.

Limebaki neno kwa wale wanaouza intaneti kwa majirani, Wi-Fi ya tokeni za shilingi kumi na ishirini. Kazi hiyo imewafikishia mtandao watu ambao kampuni kubwa hazijawafikia, na inastahili heshima. Lakini anayeuza huduma kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka, na mkataba wake na kampuni uwe unamruhusu kuuza, kwa sababu laini ya nyumbani kwa kawaida haimruhusu. Ruta anazotumia zina uwezo wa kumpunguzia mteja mmoja na kumwachia mwingine. Wengi wao tayari wanafanya hivyo usiku, kijana mmoja anapokula laini ya ploti nzima. Wana haki ya kugawa. Basi waandike kiwango hicho kwenye karatasi na wakibandike dirishani pale pale bei ya tokeni ilipoandikwa, mteja akisome kabla ya kutoa shilingi yake.

Wenye saiba watakaopenda kuonyeshwa namna ya kupima laini na kuzima visasisho wabaki baada ya maswali, na waje na simu au kompyuta walizo nazo.